Sevisi ya Kila Jumamosi

Kijitabu cha skuta yangu kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuiona Shinyanga mwezi wa kumi. Kinasema, kwa upole wa mtu aliyekaa kivulini, kwamba oili ibadilishwe kila baada ya kilomita elfu tatu, kichujio cha hewa kiangaliwe mara kwa mara, na chombo kiegeshwe mahali pasipo na jua kali. Mahali pasipo na jua kali! Huku kwetu mwezi wa kumi hata kuku hutembea akiambaa na kivuli cha ukuta, na vumbi likishaamka asubuhi kwenye njia za wafugaji halilali tena mpaka mvua zije. Kijitabu hicho nimekitunza kwa sababu picha zake ni nzuri.

Skuta yenyewe niliipata kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la spea hapa mjini. Ilikuwa ya mkewe, mpaka magoti ya mama wa watu yakagoma. Niliitaka kwa sababu moja ambayo vijana wa bodaboda wameshindwa kuielewa hadi leo: ile nafasi ya kuwekea miguu. Mimi ni mchuuzi wa maziwa. Asubuhi natoka mjini kwenda kwa wafugaji wa upande wa Kolandoto, naliweka dumu pale mbele katikati ya miguu, narudi nalo kwa mama lishe wa sokoni. Kwenye pikipiki dumu hufungwa nyuma, na huwezi kujua kama linavuja mpaka mbwa waanze kukufuata. Vijana wa kijiweni waliibatiza skuta yangu pikipiki ya masista, wakaniuliza kama napita kugawa komunyo. Niliwajibu waanze kwanza na kuungama, maana foleni yao itakuwa ndefu.

Yule mzee wa duka alinikabidhi funguo pamoja na mafunzo. Aliniambia kwa joto na vumbi la huku nikate hesabu ya kijitabu nusu, basi. Oili niiangalie asubuhi, injini ikiwa imepoa. Kichujio ni cha karatasi, kwa hiyo nikikung'ute kidogo tu, nisikioshe, na kikichoka ninunue kingine. Upepo wa matairi nisijaze mchana, barabara ikiwa inachemka. Kisha akagonga kile kifuniko cha ubavuni kwa kidole, akasema skuta haina cheni, humo ndani kuna mkanda wa mpira, na mkanda huo haupakwi kitu chochote hata nikiuona mkavu. Hasa nikiuona mkavu. Nilidhani ni mtu mzima anayependa kurudia maneno.

Ningeishi raha mustarehe na mafunzo hayo kama baba yangu asingerudi nyumbani.

Baba alikwenda Nyarugusu, kule Geita, mimi nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Hakuwa mtu wa kushuka shimoni. Yeye alikuwa fundi na mwendeshaji wa karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Alituaga kwamba atarudi na lori. Miaka ikaenda, ikaenda sana, akarudi na mfuko wa spana na kikohozi. Spana zilikuwa nzuri kwa kweli, sitaki kumdhulumu mtu.

Kikohozi kilikuwa kikavu, kisicho na adabu. Baba akiinama kinakuja, akicheka kinakuja, akimsalimia mgeni kinamwitikia mgeni kabla yake. Mimi nilichokuwa nataka ni kimoja tu: apimwe kifua. Hospitali ya Kolandoto naipita kila siku nikifuata maziwa, na kiti cha nyuma cha skuta kinakwenda kitupu. Kilichokuwa kinakosekana ni baba kukaa juu yake.

"Baba, kesho nikupitishe Kolandoto wakakuangalie hicho kifua."

"Hili ni vumbi tu, mayu," ananijibu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na akiniita hivyo najua ananibembeleza kama mtoto. "Mvua zikija litatulia."

Mvua zikaja, zikaisha, choroko zikavunwa, dengu zikavunwa, naye anakohoa vilevile. Nilipomkumbusha habari za mvua, akasema alikuwa na maana ya mvua kubwa.

Sasa mtu ambaye amezoea kulea injini hawezi kukaa nyumbani anatazama ukuta. Jumamosi moja aliizunguka skuta, akaniuliza inafanyiwa sevisi lini. Nikafungua kijitabu, nikamsomea ile kilomita elfu tatu. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akashika ukuta.

"Elfu tatu? Kwa joto hili? Huyo aliyeandika anataka kuuza skuta nyingine."

Nikamwambia mzee wa duka amesema nusu, na mkanda wa ndani usipakwe kitu. Baba akaikubali nusu kwa siku hiyo. Juma lililofuata akaona nusu yenyewe ni ya watu wa mjini wanaotembea kwenye lami, mimi nakwenda kwa wafugaji, basi tuchukue nusu ya nusu. Halafu akakumbuka dumu la maziwa ni zito, akakata tena. Baba hakukaa sana darasani, lakini kwenye kugawa kwa mbili alikuwa hachoki. Haukupita muda, sevisi ikawa kila Jumamosi, kama vile skuta imejiunga na kwaya.

Anatandika gunia kwenye kivuli cha nyumba, anapanga spana kwa ukubwa, anavua shati. Oili ambayo bado ina rangi ya asali inamwagwa. Plagi inakwanguliwa kwa msasa mpaka inapungua. Bolti ambazo kiwandani zilikazwa mara moja zikae, kwetu zilifunguliwa na kufungwa mpaka meno yakaanza kulegea, naye akaona kulegea huko ni ushahidi kwamba skuta inahitaji sevisi zaidi. Ile oili iliyomwagwa aliwagawia majirani. Mtaa wetu wote ukawa hauna geti linalolia, na wezi nadhani walishukuru.

Alichokipenda kuliko vyote ni kichujio cha hewa. Anakitoa, anakigonga kwenye jiwe, vumbi linaanguka juu ya kipande cha khaki alichokitandika makusudi. Kisha ananiita, hata kama nimeshika ugali jikoni.

"Njoo uone ilichokuwa inavuta hii. Unaona? Injini ikivuta hivi, inakufa polepole na wewe hujui. Halafu unaniambia elfu tatu."

Ananieleza hayo huku ameinamia vumbi lile lile, anakohoa ndani yake. Siku moja uvumilivu uliniisha.

"Na cha kwako, baba, nani atakigonga kwenye jiwe?"

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

"Mimi sina bolti," akasema, akaendelea na kazi yake.

Tukaingia makubaliano. Mimi sitasema neno kuhusu sevisi ya Jumamosi, na yeye Jumatatu atapanda nyuma tukaonane na daktari. Jumamosi yake aliitumia kikamilifu. Jumatatu akasema siku hiyo wagonjwa ni wengi, atakwenda kuwasonga wenzake bure. Jumanne akasema madaktari huwa na vikao, na mpaka leo sijui nani alimpa ratiba ya madaktari. Jumatano ni mnada, na mtu wa heshima hawezi kwenda kuvuliwa shati hospitalini wakati ng'ombe wanauzwa, ingawa sisi hatukuwa na hata mbuzi wa kupeleka. Alhamisi hakujisikia vizuri, na mtu akiwa hajisikii vizuri asisafiri. Ijumaa alikuwa anajiandaa na Jumamosi.

Nasema kwa mzaha kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa, lakini nilikuwa naogopa. Alikuwa anapungua. Suruali zake zikaanza kushikwa na kamba, na akitoka kisimani na ndoo ndogo ilibidi akae kwanza kabla ya kuongea. Kila nilipopita mbele ya hospitali na kiti kitupu mgongoni, nilijaa hasira na woga, na sikujua kipi kimeanza.

Nikaona nitafute mtu wa kunisaidia. Nikampeleka baba dukani kwa yule mzee wa spea, kwa kisingizio cha kununua plagi. Mzee yule amezaliwa hapa hapa Shinyanga na Kisukuma chake kinaniaibisha mimi niliyezaliwa nacho.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Wakishahakikishiana kuwa ni salama tu, wakaongea habari za ng'ombe, za mvua na za watu waliokufa zamani, mimi nimesimama na plagi mkononi. Mwishoni mzee akanikumbuka. Akamwambia baba mambo mawili, taratibu, kwa Kiswahili ili nami nisikie: skuta aiache mpaka muda wake ufike, na kifua asikiache hata siku moja zaidi. Baba akamshukuru sana, akamshika mkono kwa mikono miwili. Tulipotoka nje nikadhani nimeshinda.

"Mtu mwema sana yule," baba akasema. "Lakini yule anauza spea. Watu wakitunza mashine zao, yeye atakula nini?"

Juma hilo hilo ndipo alipofungua kifuniko cha ubavuni. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni kwa miguu kukusanya madumu. Kumbe siku zote alikuwa anaumia moyoni kwamba skuta haina cheni ya kupaka grisi, na alikuwa anajua kwamba lazima mahali fulani kuna kitu kinachoteseka bila huduma. Akaukuta mkanda, mkavu, kama ulivyotakiwa kuwa.

Kwenye karasha kuna mkanda mrefu unaotoka kwenye injini kwenda kuzungusha mashine ya kusaga. Ukianza kuteleza, mafundi wa Nyarugusu wanaupaka lami kidogo ili ushike. Ndivyo baba alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine. Basi akaenda pale wanapokarabati barabara, akaomba kipande cha lami, akakiyeyusha kwenye sufuria yangu ya chai, akaupaka mkanda wa skuta kwa mapenzi yote ya mzazi. Lami ilipobaki, hakutaka ipotee bure, akapaka na bakuli la klachi, ambayo ndiyo huachia gurudumu ukipunguza mafuta, kwa sababu nalo aliliona kavu.

Niliporudi nilimkuta ananawa mikono kwa mafuta ya taa, uso unang'aa.

"Kesho utaona inavyovuta," akaniambia. Nilichoona mimi jioni ile ni kwamba sufuria ya chai haipo.

Na mtu apewe haki yake: asubuhi ilivuta. Bado kulikuwa na ubaridi, lami imeganda, skuta ikaondoka pale nyumbani kwa nguvu mpaka nikajilaumu kwa maneno yangu yote. Nikafika kwa wafugaji, nikajaza dumu, nikageuza. Jua nalo lilikuwa limepanda, na humo ndani ya kifuniko joto lilikuwa linapika kilichopakwa.

Mbele kidogo ya Kolandoto kundi la ng'ombe likaingia barabarani. Nikaachia mafuta. Skuta ikaendelea. Nikashika breki, breki ikalia, skuta ikaendelea kusukuma, polepole, bila fujo, kama mgeni ambaye umemwambia kwaheri naye bado anaingia ndani. Ng'ombe wa Kisukuma hampishi mtu. Nikashusha miguu chini, nikawa natembea na skuta katikati ya mapaja, napiga honi, dumu linacheza, na fahali mmoja mwenye nundu ananitazama kwa dharau niliyoistahili. Nilipokumbuka kuzima ufunguo tulikuwa tumeshaegemea ukingo wa mtaro. Dumu likaanguka, mfuniko ukatoka, maziwa yote yakaenda zake barabarani.

"Pole, mayu," akasema mchunga ng'ombe, mtu mzima, akiyatazama yale maziwa kwa masikitiko kuliko alivyonitazama mimi. "Chombo chako hakisikii."

Nikampigia baba simu. Alifika kwa bodaboda, mfuko wa spana mapajani, na sijawahi kuona mtu anayefurahia ajali ya mwanawe namna ile. Akanipa pole ya haraka, akafungua kifuniko. Harufu ya barabara mpya ikatupiga usoni. Mkanda ulikuwa umegandamana na magurudumu yake, bakuli la klachi linadondosha matone meusi.

"Kule Nyarugusu ilikuwa inakubali," akasema.

"Kule Nyarugusu mkanda uko nje unapigwa upepo, baba! Huu umefungiwa ndani kama mwali. Na uliambiwa! Mzee wa watu alisema usipakwe kitu, mimi nikakwambia!"

Nilisema kwa sauti ambayo mtoto hamsemeshi mzazi wake mbele ya watu. Mwendesha bodaboda akageukia simu yake. Baba alirudisha spana moja moja kwenye mfuko, akasema kuna banda la fundi huko mbele, tuisukume. Nikamwambia nitasukuma mwenyewe. Akashika usukani.

Tulisukuma. Ni mteremko na mwinuko mdogo tu, mahali ambapo ukipita na chombo hujui kama kuna mlima. Alianza kukohoa, na mimi kwa hasira sikugeuka. Kisha akaacha kukohoa, na kimya hicho ndicho kilichonigeuza. Alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa barabara, mdomo wazi, midomo imepauka, mabega yanapanda na kushuka na hewa haiingii. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika kiti cha skuta ili isianguke.

Kutoka pale, paa za hospitali zinaonekana. Nilimtazama, naye akazitazama zile paa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na siku ya wiki ya kunitajia.

"Haya," akasema, kwa shida. "Twende."

Tukampakia kwenye ile bodaboda iliyokuwa inatufuata taratibu, mimi nyuma yake nimemkumbatia asidondoke. Skuta niliiacha pale pale bila kufunga chochote. Mwizi ambaye angeijaribu, ingempeleka inakotaka yenyewe.

Walimlaza, wakamwekea hewa, wakampiga picha ya kifua, wakachukua na vipimo vingine. Nilikaa kwenye benchi nimejaa maneno. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kumkaripia, yenye Jumatatu yake na Jumanne yake, na kila nilipochungulia mlangoni na kumwona amelala na ule mpira puani, hotuba ilikuwa inanikauka. Nilimpenda sana baba yangu siku hiyo, na nilikuwa na hasira naye kiasi cha kulia.

Majibu yalipokamilika, daktari alituita. Alikuwa mwanamke wa rika langu, akamwamkia baba shikamoo vizuri, akaitundika picha kwenye mwanga. Hata mimi nisiyejua kitu niliona yale madoadoa meupe yaliyotapakaa huku na huku.

"Si TB, baba," akasema. "Hili ni vumbi la mawe. Umelivuta kwa miaka mingi, limetia makovu kwenye mapafu."

"Linasafishwaje?" nikauliza mimi.

"Halisafishiki, dada. Tutamsaidia apumue vizuri zaidi. Asikae tena kwenye vumbi wala moshi, asibebe vitu vizito, na aje kliniki tumwangalie. Lakini kilichoharibika hakirudi."

Baba alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana kushtuka, na hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna jipya aliloambiwa. Alikuwa amewazika wenzake kule. Alikuwa anaujua ugonjwa huu kwa sauti yake.

Daktari akachukua kalamu, akaanza kumuuliza habari za kazi. Alikaa miaka mingapi kwenye karasha? Baba akamtajia. Walikuwa wanamwagia mawe maji wakati wa kusaga? Baba akasema maji yalikuwa ya kufuata mbali.

"Na kitambaa? Mlikuwa mnafunga kitambaa cha kuzuia vumbi?"

"Ndiyo, tulikuwa tunafunga," baba akasema, akachangamka kidogo. "Tena tunakilowesha. Asubuhi tunakifunga, mchana tunakifungua, tunakifua, tunakifunga tena. Hilo nilikuwa nalisimamia mimi mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kuliacha."

"Vizuri, baba. Hilo lilisaidia," daktari akasema huku akiandika. "Mlikuwa mnafunga pua na mdomo, au pua peke yake?"

Baba akamtazama, akanitazama na mimi, kama mtu anayedhani hakueleweka.

"Hapana, daktari. Kwenye injini. Pale inapovutia hewa."

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Na nyinyi wenyewe?"

"Injini ya bosi ikifa, kazi yote inasimama mpaka spea itoke Mwanza," baba akamweleza, taratibu, bila kinyongo na mtu, kama fundi anayemfahamisha mgeni wa kazi. "Mtu akiugua, mwenzake anashika koleo palepale."